Mkazi Kwanza? Majibu kwa Barua Zenu Kuhusu Uandikishaji na Ada za Michezo ya Halmashauri

Kila likizo ya shule inapokaribia, barua zinazofika kwenye meza ya safu hii hubadilika sura, na mara hii nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: je, ni haki kwa halmashauri kuwapa wakazi wake nafasi ya kwanza na ada nafuu katika mafunzo ya kuogelea, ligi za watoto, mazoezi ya viungo na programu nyingine za michezo na burudani zinazoendeshwa katika viwanja vyake? Nimechagua barua nne. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao, na pale barua ilipotaja kituo au ofisi fulani nimeondoa jina hilo, kwa kuwa upande wa pili haujasikilizwa.

*

Ndugu Mwandishi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kituo cha michezo kilicho karibu nasi kuliko vyote kiko ng'ambo ya barabara, na barabara hiyo ndiyo mpaka wa halmashauri mbili. Nilipokwenda kuwaandikisha watoto mafunzo ya kuogelea ya likizo, nilikuta tangazo ukutani linalosema kwamba wiki ya kwanza ni ya "wenyeji" pekee, na kwamba wasio wenyeji wataandikishwa wiki ya pili kama nafasi zitabaki, kwa ada iliyo mara mbili. Nafasi hazikubaki. Mimi nimezaliwa Dar es Salaam, na wazazi wangu wote wawili wamezikwa hapa. Je, mimi si mwenyeji? Na je, sheria inaruhusu jambo hili?

Mama wa Wawili

Mama, niruhusu nianze na neno lililokuumiza, kwa sababu nusu ya ugomvi huu imo ndani yake. Aliyeandika tangazo lile alikusudia kusema "wakazi", lakini kalamu yake ikateleza ikaandika "wenyeji", na maneno haya mawili hayalingani hata kidogo. Mkazi ni mtu anayeishi mahali. Ukihama leo ukatua Tabata, basi wewe ni mkazi wa Tabata, hata kama masanduku yako hayajafunguliwa. Mwenyeji ni mtu ambaye mahali ni pake, na katika jiji hili anayetaja wenyeji bila kufafanua huwafanya wengine wawafikirie Wazaramo waliokuwapo Mzizima kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860. Kwa kipimo hicho, katika watu 5,383,728 waliohesabiwa katika mkoa wetu mwaka 2022, foleni ya wiki ya kwanza ingekuwa fupi sana, na pengine hata karani aliyebandika tangazo asingekuwamo.

Sichezi na maneno. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, tena inaeleza maana ya kubagua, na miongoni mwa misingi inayoitaja ni utaifa, kabila, dini, jinsia, hali ya maisha, na mahali mtu alipotokea. Mtu anayepewa nafasi kwa sababu ya mahali alipotokea, na mwenzake akanyimwa kwa sababu hiyo hiyo, wote wawili wameingizwa kwenye eneo ambalo Katiba imeliwekea uzio. Makazi ya sasa ni jambo jingine. Ibara ya 17 inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika nchi, na kwa sababu hiyo ukazi ni sifa ambayo mtu yeyote anaweza kuipata kwa kupanga chumba, wakati asili hainunuliwi wala haihamishwi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye mstari: halmashauri inaweza kuuliza unaishi wapi, lakini haina ruhusa ya kuuliza umetoka wapi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kudai katika kituo hicho, kabla hata ya kudai nafasi, ni kwamba neno "wenyeji" lifutwe.

Sasa, je, mkazi ana haki ya kutangulia? Wapo wanaoona kwamba kila kinachoitwa cha umma ni cha watu wote kwa usawa, na kwamba kumweka mtu nyuma kwa sababu ya mpaka ni dharau. Mimi sioni hivyo, na sidhani kama sisi wenyewe huishi hivyo. Hifadhi za Taifa hutoza viingilio tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa mgeni anayeishi nchini na kwa mgeni wa kupita, wala hatujasikia Mtanzania akilalamika getini kwamba yeye amelipa kidogo kuliko Mjerumani. Mikopo ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, kila halmashauri huitoa kwa vikundi vilivyo katika eneo lake, na kikundi cha Temeke hakiendi kuomba Kinondoni. Sababu ni nyepesi: bajeti ya halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani, madiwani huchaguliwa na watu wa kata zake, na bwawa likivuja ni watu hao wanaokosa fedha za mtaro wao ili bwawa litengenezwe. Aliyebeba mzigo ana hoja anapotaka kunywa maji kwanza.

Hata hivyo hoja hiyo ina nguvu kwa kiasi kile tu ambacho mzigo umebebwa na mkazi mwenyewe, na hapa ndipo hali ya Dar es Salaam inapotofautiana na ile ya miji ya mbali ambako utaratibu huu ni wa siku zote. Katika miji mingi ya Marekani, kwa mfano, idara za burudani za mji huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya majengo inayokusanywa na mji wenyewe. Ndiyo maana ni kawaida kwa wakazi kufunguliwa uandikishaji siku kadhaa kabla ya wengine na kulipa ada pungufu. Halmashauri zetu nazo zina mapato ya ndani, kama ushuru wa huduma, leseni na ada za masoko, lakini sehemu kubwa ya fedha zinazozitumia hutoka Serikali Kuu, ambayo haikuuliza unalala upande gani wa barabara ilipokukata kodi kwenye sukari na mafuta. Kama bwawa lilichimbwa kwa ruzuku ya Serikali au kwa msaada wa wafadhili, wewe pia umo ndani ya maji yale.

Kuna na jambo la mipaka yenyewe. Ubungo na Kigamboni zilikuwa manispaa baada ya mgawanyo wa mwaka 2015 na 2016, ya kwanza ikitoka Kinondoni na ya pili Temeke. Mtu wa Sinza au Manzese ambaye miaka mingi alilipa ushuru na leseni Kinondoni aliamka siku moja akiwa mtu wa Ubungo bila kuhamisha hata kijiko, ilhali jirani yake wa Kijitonyama akabaki alipokuwa. Kiwanja kilichojengwa kabla ya mgawanyo huo kilijengwa kwa jasho la pande zote mbili, na kumwita mmoja wao mgeni leo ni sawa na ndugu waliogawana shamba kukatazana kivuli cha mwembe uliopandwa na baba. Isitoshe, tangu Februari 2021, ilipovunjwa Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote na hadhi ya jiji ikapewa Ilala, hatuna tena baraza moja la madiwani linaloshughulikia mambo yanayovuka mipaka ya halmashauri zetu tano. Watoto wanavuka mipaka hiyo kila siku, mara mbili, kwenda na kurudi shule.

Sasa kuhusu ada iliyo mara mbili, ambayo kwangu ndiyo yenye kasoro kuliko foleni. Chukua hesabu hii, ambayo ni ya mfano tu. Tuseme mafunzo ya watoto 20 yanagharimu shilingi 600,000, ukijumlisha posho ya mwalimu na mwokoaji, maji na dawa yake, yaani 30,000 kwa kila mtoto. Tuseme halmashauri inachangia 10,000 kwa kila mtoto kutoka mapato yake ya ndani, ili mzazi alipe 20,000. Mtoto wa upande wa pili wa barabara akitozwa 30,000, hana la kulalamikia: analipa gharama kamili, hajanyonya wala hajanyonywa. Akitozwa 40,000, basi kile kilichozidi gharama si ada tena, ni adhabu ya kuishi mahali fulani, na pengine ni njia ya kujaza mfuko kwa migongo ya watu wasio na kura pale. Diwani anayepandisha ada ya mkazi atakutana na wapiga kura wake; anayepandisha ada yako wewe hatakutana na mtu. Kwa sababu hiyo kipimo cha haki hapa kinapaswa kuwa kigumu kuliko kawaida, na kipimo ninachokipendekeza ni kwamba tofauti ya ada isizidi kile ambacho halmashauri yenyewe imechangia.

Najua mahakama za huko nje hazijawa kali kiasi hicho kila mara. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Montana kumtoza mkazi dola 9 kwa leseni ya kuwinda elk, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi, huku asiye mkazi akilazimika kununua leseni ya dola 225 iliyounganishwa na ya wanyama wengine. Majaji walisema kuwinda kwa starehe si riziki ya mtu, na kwa hiyo jimbo lina nafasi ya kupendelea watu wake. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1948, ilikuwa imeikataa ada ya South Carolina iliyomtoza mvuvi wa kamba kutoka jimbo jingine dola 2,500 kwa mashua moja pale mkazi alipotozwa 25, kwa kuwa kuvua kamba ni kazi ya kujipatia chakula. Tofauti hiyo kati ya starehe na riziki ina mantiki, lakini nina shaka kama kumfundisha mtoto kuogelea katika mji wa pwani, uliojaa mito inayofurika kila masika, ni starehe ya aina ya kuwinda pembe.

Ufanye nini? Ada za halmashauri huwekwa kwa sheria ndogo, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na sheria ndogo hizo hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Nenda ofisini kwa adabu, omba kuoneshwa sheria ndogo inayotaja ada mbili tofauti. Kama ipo, isome na uone wewe umewekwa wapi. Kama haipo, andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri hiyo, ukieleza kwamba umetozwa, au umetajiwa, ada isiyo na msingi wa sheria; hiyo ni hoja nzito kuliko hoja ya kuonewa. Kisha mwone diwani wako mwenyewe, hata kama kituo hakiko kwake, kwa sababu halmashauri mbili jirani zinaweza kukubaliana kwamba watoto wa mitaa ya mpakani waandikishwe pamoja, na zinaweza kulipana. Makubaliano ya namna hiyo hayaanzi mpaka mama mmoja ameandika barua.

*

Shikamoo mzee,

Nimepanga chumba, na huu ni mwaka wa tatu. Kituo cha michezo cha mtaani kwetu kina jimu na kiwanja cha kikapu, na mkazi analipa pungufu. Lakini ili utambuliwe kuwa mkazi wanataka hati ya nyumba au risiti ya LUKU yenye jina lako. Mita yetu ina jina la baba mwenye nyumba, ambaye mwenyewe anaishi Kibaha. Yeye akija na hati yake anaandikishwa kwa bei ya mkazi, mimi ninayelala hapa naambiwa si mkazi. Hii imekaaje?

Mpangaji

Marahaba, mwanangu. Imekaa kombo. Waliotunga sharti hilo wamechanganya umiliki na ukazi, na katika jiji la wapangaji kama hili letu kosa hilo linawafungia nje watu wengi kuliko linaowaingiza.

Utamu wa jambo lako ni kwamba hata hoja ya mlipa kodi, ambayo bila shaka ndiyo waliyoifikiria walipodai hati, inaelekea upande wako. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye ikapandishwa. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Kama hamjakubaliana naye akurudishie, basi kwa miaka yote mitatu wewe na wenzako wa vyumba vya jirani mmekuwa mkichanga kodi ya nyumba ya mtu aliyeko Kibaha, na sasa mnaambiwa kwamba mwenye haki ya bei ya mlipa kodi ni yeye. (Hilo la kurudishiwa lizungumzeni naye kwa upole, wenye nyumba wengi husikia wakielezwa mapema kuliko wakikumbushwa siku ya kodi.)

Uthibitisho unaofaa upo, tena haugharimu hati. Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, yenye mhuri na sahihi ya mtendaji au mwenyekiti, ndiyo tunayoitumia kufungulia akaunti benki na kumdhamini ndugu polisi. Sioni kwa nini isitoshe kurusha mpira wa kikapu. Daftari la wakazi liko kwa mtendaji, na kama jina lako halimo, hilo ni jambo la kurekebisha wiki hii, si la kituo tu. Tangu ile operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, kwa hiyo barua inaweza kutaja nyumba yenyewe badala ya kusema "jirani na msikiti". Kitambulisho cha Taifa kinathibitisha wewe ni nani, lakini taarifa uliyoitoa ulipojiandikisha huenda imeshapitwa na vyumba vitatu ulivyohama, na wahudumu wasikitegemee peke yake.

Ningependa vituo vyetu vikubali zaidi ya hapo. Mtoto na atambuliwe kwa shule yake, kwa kuwa mtoto anayesoma Magomeni na kulala Kimara hutoka shule saa tisa akiwa na njaa na nguvu zake zote Magomeni, wala si Kimara. Na mtu mzima anayefanya biashara katika halmashauri atambuliwe kwa leseni yake. Mama anayeuza vitenge Kariakoo hulipa leseni na ushuru Ilala mwaka mzima na hurudi Mbagala kulala tu. Ukimwita mgeni Ilala, basi sijui mwenyeji wa mfuko wa Ilala ni nani.

Jambo moja la tahadhari. Popote cheti cha ukazi kinapofungua mlango wa bei nafuu, cheti hicho huanza kuwa na bei yake. Barua ya mtaa isiuzwe, wala usitoe "ya soda" ili ipigwe mhuri haraka. Ukiombwa, omba risiti.

*

Ndugu Mwandishi,

Tukikubali mambo haya, si kesho tutaambiwa kwamba Coco Beach ni ya watu wa Oysterbay peke yao?

Mpenda Bahari

Hapana, na swali lako linanisaidia kuweka wazi jambo ambalo huchanganywa. Kipaumbele kina maana pale tu nafasi zinapohesabika: bwawa lenye mwalimu mmoja na watoto 20, ligi yenye timu 8, ukumbi wenye mikeka 30. Hapo lazima mtu atangulie na mtu abaki, na kinachobishaniwa ni mpangilio tu. Ufuo, bustani, na viwanja vya wazi kama Mnazi Mmoja au Biafra havina orodha ya majina, na kuvianzishia orodha ni kutafuta sababu ya kufunga. Hata kivuko cha Magogoni, ambacho hakuna anayekitegemea kuliko mtu wa Kigamboni, kimekuwa kikimtoza nauli ile ile yeye na mtu wa Masaki anayevuka kwenda kula samaki.

Mwaka 1972 mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, iliuambia mji mdogo wa pwani uitwao Avon-by-the-Sea kwamba unaweza kutoza kiingilio cha ufuo wake, lakini lazima kiwe kimoja kwa mkazi na kwa mgeni, kwa kuwa bahari na ufuo vimewekwa kama amana kwa umma wote. Kisa cha Palo Alto, California, kinafundisha zaidi. Mji huo ulinunua ardhi ya vilimani mwaka 1959, majirani wakakataa kuchangia, na kwa hasira inayoeleweka ukaifanya hifadhi hiyo kuwa ya wakazi pekee kwa zaidi ya miaka 50. Hasira ile ilikuwa halali kwa watu wa mwaka 1959. Wajukuu wa majirani wale, na watu wa miji ya jirani isiyo na uwezo, walirithi mlango uliofungwa kwa kosa wasilolifanya. Baada ya kesi kufunguliwa mwaka 2020, mji ulifungua mlango Desemba ya mwaka huo huo, kisha ukaweka kiingilio na ukomo wa idadi ya watu wanaoingia kwa wakati mmoja. Msongamano ulikuwapo kweli, lakini dawa yake haikuwa kuuliza anwani.

*

Ndugu Mwandishi,

Mimi ni mstaafu, na nimeishi mtaa huu miaka 31. Tulichangishana wenyewe kujaza kifusi kiwanja chetu kabla halmashauri haijakijengea uzio na choo. Sasa programu ya mazoezi ya asubuhi na ile ya watoto hujazwa na watu wanaokuja na magari kutoka mbali, wanaoandikisha kwa simu usiku wa manane huku sisi tukisubiri ofisi ifunguliwe. Naomba utetee wakazi bila kumung'unya maneno. Pia, wajukuu zangu wawili wanakuja kutoka Tanga kwa likizo ya mwezi mzima, nami ningependa kujua kama naweza kuwaandikisha kama wakazi.

Mzee wa Kiwanja

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo nilipofika mwisho, na naamini wewe pia ulitabasamu ulipoiandika.

Kwa upande wa kiwanja, uko sahihi kuliko watu wote walioniandikia mwezi huu. Mlichangia kifusi kwa mikono yenu, na mchango wa namna hiyo ni wa karibu kuliko kodi yoyote, kwa kuwa unajulikana ni wa nani na ulikwenda wapi. Halmashauri iliyokuta kiwanja kimeshajazwa na watu wa mtaa inawiwa nao, na ingefaa iwatengee sehemu ya nafasi kwa maandishi badala ya kuwaachia bahati. Ningependekeza nusu ya nafasi ziandikishwe kwanza kwa wakazi wa kata, kwa siku chache, kisha zilizobaki zifunguliwe kwa kila mtu. Nusu, mzee, si zote: kiwanja kilichopata uzio na choo kwa fedha za watu wengi hakirudi kuwa cha mtaa mmoja.

Lakini sehemu kubwa ya malalamiko yako haihusu ukazi. Anayewashinda si mtu wa mbali, ni mtu mwenye simu janja na kifurushi cha intaneti saa sita usiku, na huenda baadhi yao ni vijana wa mtaa wako mwenyewe. Ukiweka kanuni kali ya ukazi na ukaacha uandikishaji ule ule wa usiku, mstaafu wa mtaa ataendelea kushindwa na mkazi mwenzake mwenye umri wa miaka 25. Dai kwanza kwamba nafasi fulani ziandikishwe ana kwa ana, ofisini au kwa mtendaji wa mtaa, saa za mchana, na kwamba maombi yote yaliyofika ndani ya siku tatu za mwanzo yapigiwe kura ya bahati badala ya kufuata dakika. Hilo linamsaidia mkazi mzee, mama muuza genge na fundi aliye juu ya dari saa ile uandikishaji unapofunguliwa, wala halimdhulumu mtu.

Kuhusu wajukuu: mtoto atakayelala nyumbani kwako mwezi mzima, akila kwako na kuchezea kiwanja ulichokijaza, kwangu huyo ni mtu wa nyumba yako kwa mwezi huo. Usiwaandike kuwa wanaishi Dar es Salaam mwaka mzima, kwa kuwa si kweli na mtendaji anakufahamu. Andika kwamba ni wageni wa mkazi, na uombe ada ya mkazi kwa kipindi hicho. Kama fomu haina nafasi ya kuandika hivyo, ongeza mstari kwa kalamu chini ya jina lako. Nafasi zao zitolewe katika ile nusu ya pili, baada ya watoto wa kata kumaliza. Wakikosa za mazoezi, kiwanja kikiwa kitupu jioni hakuna anayeandikisha majina, nao watakuja na mpira wao kutoka Tanga.